Galaksi Iliyonuka Polishi ya Viatu

Ndunda wa Wamunyu hajawahi kuuacha ufa salama. Akiuona kwenye ubao, kwenye ukuta, hata kwenye kisigino cha mkewe, mkono unamwasha. Kavutha, mkewe, anaapa kwamba mwaka ule wa kiangazi kikali, shamba lao lilipopasuka nyufa za kumeza mbuzi, alimkuta mumewe amepiga magoti kwenye mbaazi na kopo la gundi, anaziba. Ndunda anasema huo ni uongo mtupu. Lakini gundi ilikwenda wapi, hajawahi kusema.

Ni mchongaji, kama babake. Anafanya kazi chini ya banda la makuti na mabati, amekaa kwenye gunia, miguu mbele, ubao ameubana kwa nyayo, tezo mkononi. Vidole vyake vya miguu vimepata nguvu mpaka siku moja alimkamata panya kwa kidole gumba cha mguu huku akimalizia sikio la tembo, na sikio halikuharibika. Twiga wake mmoja aliwahi kuwekwa kando ya barabara akauke juani, ng'ombe wakafika hapo wakasimama foleni, wakidhani ni mkubwa wao. Hayo watu wa Wamunyu watakuambia. Atakayekuambia vingine hakuwepo.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni la siku ile ya ujana wake. Mteja alirudi na pundamilia aliyepasuka kutoka shingoni hadi mkiani, akampakatisha babake Ndunda mbele ya banda zima, akaenda zake bila neno. Babake hakumpiga Ndunda, ingawa ubao mbichi alikuwa ameuchagua yeye. Alimtazama tu. Kuanzia hapo Ndunda akajifunza dawa ya ufa: vumbi la mbao na gundi, unasukumia ndani kwa kidole, unangoja likauke, unapiga msasa. Na kwa kuwa mpingo wa kweli umekuwa adimu na mti siku hizi ni mjakaranda, mweupe kama jino, unamalizia na polishi nyeusi ya viatu. Unasugua na kitambaa mpaka kifaru anang'aa kama buti la askari siku ya gwaride. Mgeni anabeba mpingo wake, anaenda kwao amefurahi. Ndunda hakuwahi kuita hiyo udanganyifu. Aliita kumaliza kazi.

Basi alikuja Nzisa, binti wa dadake wa Kithimani, yule aliyesoma mpaka vitabu vikaomba likizo. Alikuja na kompyuta kwapani, akakaa kwenye kigogo mbele ya mjomba wake.

"Mjomba, nataka unichongee galaksi."

Ndunda akashusha tezo. "Hiyo ni mnyama wa wapi?"

"Mwambie akuletee mguu kwanza tuone," akadakia Makau, mchongaji wa gunia la pili, mtu ambaye mdomo wake hufika kazini kabla yake.

Nzisa akacheka, akafungua kompyuta. Akawaeleza kwamba galaksi ni nyota nyingi mno zinazoishi pamoja, zinazunguka pamoja, na jua letu hili linalowachoma ni moja tu katika galaksi yetu. Mjini Machakos kuna shule ya wasichana wasioona, naye ameahidi kwenda kuwafundisha. "Vitabu vyote vya mambo ya juu ni picha, Mjomba. Picha ni ya macho. Mimi nataka kitu ya mikono."

Ndunda aliipenda kazi hiyo. Galaksi kubwa yenye mikono iliyopinda aliichonga kama anayesuka nywele. Ile ndogo yenye kingo za kuchanikachanika, iliyojaa gesi, akaichonga pia, ingawa Makau alisema inafanana na chapati ya bwana asiye na mke. Kisha Nzisa akamwonyesha picha ya mwisho.

"Hii ndiyo mimi nasomea. Galaksi kibete ya umbo la yai."

Ndunda akaisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. "Hii ni doa. Kamera ilikuwa na mafuta."

"Ndivyo zilivyo. Laini, hazina mikono. Na ukienda kwenye makundi makubwa ya galaksi, hizi vibete ndizo nyingi."

"Sasa mtoto wa dadangu anaenda chuo kikuu kusomea doa?"

"Nasomea vile doa lilikuja kuwa doa." Akaivuta suruali yake magotini, akakaa vizuri. "Sikia. Kundi ni galaksi mamia, hata maelfu, zimeshikwa pamoja na uvutano. Na katikati yao si patupu. Kuna gesi moto ajabu, nyembamba, imejaa kila mahali. Sasa galaksi ndogo inaishi huko nje, bapa kama sahani, iko na mikono, iko na gesi yake baridi ya kuzalia nyota. Kundi linaivuta. Inaingia mbio. Mjomba, umewahi kukimbia na unga kwenye karai bila kufunika?"

"Nimekimbia. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mwiko."

"Ulifika na nini?"

"Na karai."

"Basi ni hivyo. Ile gesi moto inaipiga kama upepo, gesi yake inapeperuka nyuma. Bila gesi haizai nyota mpya. Zile changa za kung'aa samawati hazikai sana, zinakufa. Wanabaki wazee, wekundu wekundu."

"Kama hapa," akasema Makau. "Vijana wamepeperushwa wote kwenye viwanda vya EPZ Athi River, tumebaki sisi wekundu."

"Ngoja, bado. Zile kubwa kubwa zinapita karibu yake, moja inaivuta huku, ingine kule, mabilioni ya miaka. Sahani inatikisika, inavimba, mpango wake wa kuzunguka unavurugika. Mwisho inakuwa yai."

"Zote zilipitia hiyo taabu?" Ndunda akauliza. Alikuwa ameanza kulionea huruma doa.

"Hapo wenye kujua bado wanabishana. Zingine pengine zilikuwa vibete hapo kwenye kundi tangu zamani. Lakini kuna zingine, ukiondoa kwenye picha ule mwanga laini wote, chini yake unapata mikono. Hafifu, Mjomba! Karibu haipo. Hiyo ndiyo inatuambia hii ilikuwa sahani kabla ya kuingia. Ukikosa hiyo alama, yai ni yai, huwezi jua lilitoka wapi."

Kwa hiyo alitaka Ndunda achonge yai laini, na juu yake apitishe mikono miwili ya kina kidogo sana, mkono wa haraka upite bila kujua, kidole chenye subira kiipate. Ndunda akachukua patasi nyembamba kuliko zote. Nzisa alikaa hapo amefumba macho, anapapasa, anasema bado, anasema sana, anasema punguza, mpaka akasema, "Hapo! Usiguse tena. Na usipake kitu, tafadhali. Ibaki mti."

"Sawa," akasema Ndunda. Na alikuwa anamaanisha.

Nzisa akarudi Nairobi, yai likabaki kwenye gunia kati ya vifaru.

Makau hakulipa nafasi ya kupumua. "Ndunda, paka wako anajifunza kuchonga?" Kesho yake: "Ndunda, yai limeanguliwa au bado linapasuka?" Mnunuzi mmoja kutoka Nairobi akaliokota, akalizungusha juani, akaona mikwaruzo. Akalirudisha chini polepole, kama mtu anayerudisha nyama yenye harufu, akaenda kununua kwa Makau. Ndunda alihisi uso unawaka. Chini ya lile yai kulikuwa na herufi ya jina lake.

Alitaka kujaza ncha moja tu ya mkwaruzo mmoja. Pale ulipoishia vibaya, basi. Lakini mkono ukishika vumbi na gundi hauulizi njia. Alipokuja kushtuka alikuwa ameshapiga msasa, na kitambaa kilikuwa kinakwenda na kurudi chenyewe, na yai lilikuwa jeusi, linang'aa, hata kuku wa jirani alikuja akalitazama kwa wivu.

Kavutha akalikuta mezani. "Baba Mutuku. Si Nzisa alisema ibaki mti?"

"Watafurahi wakiona imekuwa safi."

"Wakiona akina nani? Si hao wasichana hawaoni?"

Ndunda akainuka. Akachukua gazeti, akalifunga lile yai haraka haraka, mgongo akiwa amempa mkewe.

Siku ya somo alivaa koti la kanisani na viatu alivyovisugua mpaka vikatoa kivuli. Nzisa alifika shuleni anahema, amechelewa, akapokea boksi bila kulifungua, akamkumbatia. Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa umejaa wasichana wa blauzi nyeupe, wamekaa kwenye mabenchi, vichwa vimeinama upande kama watu wanaosikiliza mvua ya mbali. Mwalimu wao, Linet, akamweka Ndunda mbele kabisa kwenye kiti cha wageni.

"Huyu ndiye mjomba wangu," Nzisa akawaambia. "Mambo ambayo mimi nimeyasoma miaka yote hiyo, yeye ameyatia kwenye mti. Mpigieni makofi." Wakampigia. Kila kofi likamwingia Ndunda kama mwiba wa mgunga.

Galaksi kubwa ikapita mikononi, wasichana wakapiga vigelegele vya chini kwa chini. Ile ya chapati ikapita. Nzisa akawasimulia kundi, gesi moto, karai la unga, wakacheka. Kisha akafungua gazeti la mwisho. Weusi ule ukang'aa. Akamtazama mjomba wake, midomo ikasema bila sauti, "Polishi?" Ndunda akatabasamu tabasamu la mtoto aliyeficha sukari mdomoni. Nzisa akatikisa kichwa kidogo, kama anayesamehe, na kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, akampa msichana wa kwanza.

"Hii ndiyo inayodanganya," akasema. "Ukiipapasa haraka utasema ni yai tu. Tulia. Kuna mikono imejificha. Ukiipata, umejua galaksi hii ilitoka wapi, na umejua jambo ambalo hata wenye macho walichelewa kuliona."

Msichana wa kwanza akapapasa. Akapapasa tena. Ukumbi ukamngoja.

"Umepata?"

"... Ndiyo, mwalimu."

"Iko vipi?"

"Iko... inazunguka."

Makofi. Ndunda akainama akatazama viatu vyake. Wa pili akasema amepata mkono mmoja mrefu. Wa tatu, ambaye hakutaka kushindwa, akapata mitatu. Galaksi ikawa inaota mikono kila inapohama paja, na kama benchi lingekuwa refu zaidi ingefika mwisho ikiwa tandu. Nzisa alikuwa anang'aa kwa furaha. Ndunda alikuwa anatoka jasho la kujaza ndoo.

Ikamfikia Wendy, msichana mwembamba wa kidato cha pili. Wenzake wanamwita Vidole, kwa sababu anasoma maandishi ya nukta haraka kuliko mdomo unavyoweza kutamka, na ibada ya asubuhi ni yeye husoma. Wendy hakupapasa kwanza. Alilinusa.

"Mwalimu, hii galaksi inanuka polishi ya viatu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Wendy!" Mwalimu Linet akasema. "Umeulizwa harufu?"

"Nimeulizwa mikono. Na sisikii mikono."

"Wenzako wote wamesikia."

"Mimi sisikii."

Nzisa akamwendea, akachuchumaa, sauti yake laini. "Taratibu tu, Wendy. Tumia ncha ya kidole. Si kila mtu anaipata mara moja, hakuna haraka."

Wendy akatulia. Akapita upande huu, akapita ule, akaligeuza, akaanza upya. Nyuma yake mmoja akanong'ona, "Vidole imeisha chaji!" na wengine wakacheka na kuzibana midomo. Wendy akaliweka yai mapajani. Akaanza kujibonyeza vidole, kimoja kimoja, kwa mkono mwingine, kama mama anayechagua nyanya.

"Juzi nilishika sufuria ya moto jikoni," akasema. "Nikadhani haikuniunguza sana." Akabonyeza tena. "Mwalimu Linet, vidole vikifa, mtu anasomanga na nini?"

Hakuna aliyecheka tena.

Ndunda alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwake. Mlango ulikuwa wazi na jua la Machakos lilikuwa linamwita aende akatazame hali ya hewa. Tena akajiambia, na hili ndilo lililomtia haya kuliko mengine yote, kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Nzisa ataondoka na makofi yake. Wasichana wataondoka na mikono yao miwili, mitatu. Huyu mmoja ataenda kulala akijua vidole vyake vimeanza kufa.

Alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

"Ziko sawa," akasema. "Vidole zako ziko sawa, mwiitu wakwa, binti yangu. Hapo hakuna mikono. Mimi niliziba."

Nzisa akageuka. "Uliziba?"

"Na vumbi na gundi. Nikapiga msasa. Ilikuwa inaonekana kama ufa, Nzisa. Watu walikuwa wanaicheka."

Yule wa mikono mitatu akakohoa, akajificha nyuma ya mwenzake. Yule wa kwanza akaanza kufungua na kufunga kifungo cha blauzi. Mwalimu Linet akatazama dari. Nzisa alilichukua yai mapajani mwa Wendy, akafumba macho, akalipitishia kidole, jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla ya kumpa mtu yeyote. Alipofumbua, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Nilimwambia atumie ncha ya kidole," akasema polepole. "Mjomba, nilimwambia mtoto si kila mtu anaipata mara moja."

"Nilisikia."

"Na ukakaa."

"Nikakaa," akasema Ndunda.

Wendy alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yake. "Mzee, na kwa nini ulipaka rangi, na sisi hatuoni?"

"Sijui, mtoto wangu. Hii mkono imezoea watu wa kudanganywa kwa macho."

"Basi leo imekosa." Alisema bila ukali, kama mtu anayesahihisha hesabu. Kisha akanyoosha kiganja. "Hiyo mikono ilikuwa inapitia wapi?"

Ndunda akapiga magoti kwenye saruji, koti la kanisani na yote. Akashika kile kiganja kidogo, akaweka ukucha wa kidole gumba katikati, na kwa wepesi uleule wa patasi nyembamba akaupitisha kutoka katikati kwenda nje, ukipinda. Kisha wa pili, kutoka upande wa pili.

Wendy akainamisha kichwa. "Rudia."

Akarudia.

"Ni mbili tu?"

"Mbili."

"Si tatu?" akauliza kwa sauti ya kufika benchi la mwisho.

"Aki Wendy!" ikalia sauti kutoka nyuma ya mgongo wa mtu, na sasa kicheko kikatoka chenye aibu ndani yake, kile ambacho mtu hucheka ameshika mashavu. Muda kidogo, msichana wa kwanza akaja akipapasa ukingo wa benchi, akasimama mbele ya Ndunda na kiganja mbele. "Na mimi," akasema, karibu asisikike. Nyuma yake akaja mwingine. Mwisho akaja wa mikono mitatu, uso ameufunika kwa mkono mmoja na mwingine ameutoa.

Ndunda akachora viganja vyote, hakuinua uso hata mara moja. Na katika kuchora ndipo alipoona jambo ambalo wao hawakuweza kuliona: joto la mikono mingi lilikuwa limeilainisha polishi, na viganja vilikuwa vyeusi, blauzi nyeupe zilikuwa na alama za vidole, na Wendy alikuwa na doa kwenye ncha ya pua, pale aliponusia. Angeweza kulinyamazia hilo pia.

"Nimewachafua," akawaambia. "Mikono yote ni nyeusi. Na nguo. Na wewe Vidole, pua."

"Ndiyo nikasema inanuka!" akasema Wendy.

Mwalimu Linet akaleta beseni, sabuni na jagi la maji, akamwita msichana mdogo wa kunawisha. Ndunda akalichukua lile jagi kabla msichana hajalishika. Akasimama na taulo begani, kama wanavyosimama watoto wa Ukambani mbele ya wageni wakati wa chakula. Wendy akatangulia, akanyoosha mikono juu ya beseni, maji yakamwagika, akainua kichwa.

"Ni mzee ananinawisha?"

"Ni mimi."

"Si ni sisi hunawisha wazee?"

"Leo hapana. Sugua. Na kucha pia."

Akasugua. Wakaja wengine, na jagi likajazwa, likajazwa tena, maji ya beseni yakawa meusi kama chai ya matanga isiyo na maziwa. Mgongo wa Ndunda ulikuwa unamuuma, na akaona afadhali uume.

Mtu wa mwisho kwenye foleni hakuwa na blauzi nyeupe. Nzisa alisimama mbele ya beseni, viganja vyeusi kwa lile yai, macho yake ameyatupa dirishani. Ndunda akamimina polepole. Nzisa akasugua kiganja kwa kiganja, muda mrefu kuliko polishi ilivyohitaji.

"Maji ni baridi," akasema mwishowe.

"Nitaenda nikuletee ya moto."

"Wacha," akasema Nzisa, bado anatazama dirisha. "Mimina tu."